Karatasi zilizosimama mahakamani baada ya kifo cha mume wangu

Kampuni yenye lori lililomgonga mume wangu ilileta jeneza nyumbani kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, kabla polisi hawajamaliza kuandika PV, ile ripoti yao ya ajali. Pamoja na jeneza yalikuja magunia ya unga, katoni za maji, na bwana mmoja wa shati jeupe aliyekumbatia mkoba. Watu waliokuwa kwenye kilio wakasema hawa ni watu wenye utu. Mimi nilikuwa ndani, nimelala kwenye mkeka kati ya wanawake wa kanisa, sikuona wala kusikia. Yule bwana hakunitafuta. Alimwita pembeni kaka mkubwa wa mume wangu, yule watoto wanamwita papa mkubwa, akampa kalamu.

Karatasi aliyosaini ilikuwa ya Kifaransa, nusu ukurasa. Ilisema familia imepokea dola 1,500 kwa ajili ya hospitali na mazishi, na kwamba kuanzia siku hiyo haina dai lolote tena juu ya kampuni. Papa mkubwa alisoma kwa mwanga wa simu, akaona neno la mazishi, akaona kiasi, akasaini. Maiti ilikuwa bado imezuiliwa hospitalini kwa ajili ya deni, na mama mkwe alikuwa anauliza kila saa mwanawe atazikwa lini. Simlaumu papa mkubwa. Lakini hiyo nusu ukurasa ilitutesa katika kesi nzima.

Ninaandika kwa ajili ya yule aliye kwenye mkeka leo. Lubumbashi inaishi kando ya malori. Yanashuka kutoka Kolwezi na Likasi na shaba na kobalti, yanaelekea Kasumbalesa kuingia Zambia. Mengine yanapanda na asidi ya viwanda vya madini. Februari 2019 lori la asidi lilipata ajali karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Kolwezi, watu karibu ishirini wakafa, na habari ile ilifika hadi Ulaya. Mtu mmoja akifa juu ya pikipiki, hakuna anayesikia, na familia yake inabaki na yule bwana wa mkoba.

Ilikuwa Agosti 2021, msimu wa vumbi. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda vya watoto. Alikuwa anarudi kutoka kupima geti la mteja, amepanda nyuma ya manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, na lori likawagonga kwenye barabara ya Likasi. Manseba alivunjika mguu. Mume wangu alipelekwa hospitali akiwa anaongea, ananiuliza kama watoto wamekula. Akafa siku chache baadaye.

Vijana walitaka kulichoma lori palepale. Mzee mmoja mwenye duka la simenti aliwazuia, na mpaka leo namwombea. Hasira yao naielewa, ningekuwepo labda ningebeba jiwe mimi mwenyewe. Ila lori likiungua, zinaungua pamoja nalo karte roze (karatasi inayotaja mwenye lori), karatasi ya bima, na breki ambazo fundi angezipima. Shahidi wenu wa kwanza anakuwa majivu, na kesi inageuka: sasa kampuni ndiyo inayowashtaki ninyi.

Kilichotuokoa ni kijana mwanafunzi wa garaji aliyepiga picha kwa simu yake. Alipiga namba ya kichwa cha lori na namba ya remoki, yaani tela, kwa sababu ni mbili tofauti. Alipiga maandishi ya mlangoni, alama za matairi kwenye lami, na mahali pikipiki ilipolala. Mkipata mtu wa namna hiyo, mwambieni asifute kitu katika simu yake hata kama amekwisha kuwatumia kwa WhatsApp. Picha ikipita WhatsApp inapoteza tarehe na saa yake. Kwetu ile simu yenyewe ilikuja kuonyeshwa kwa OPJ, yaani ofisa wa polisi anayechunguza kesi, na kijana akasikilizwa kama shahidi.

Maandishi ya mlangoni nayo yalitaka kutupoteza. Pale kulikuwa na jina la kampuni ya mgodi, jina kubwa ambalo kila mtu mjini analijua, na familia nzima ilikuwa inapiga hesabu juu ya jina hilo. Karte roze ilisema kitu kingine: lori ni la kampuni ya usafirishaji iliyokodiwa, na dereva analipwa na hiyo. Avoka, yaani wakili wetu, alitueleza kwamba anayejibu kwa kosa la dereva ni yule aliyemwajiri na anayemtuma, hiyo ni kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai. Ukimwita mahakamani mwenye mzigo badala ya mwenye dereva, atakuja na avoka wake, ataonyesha mkataba wa kukodi, atatoka. Na jina la kampuni liandikwe vile lilivyo kwenye rejista ya biashara, pamoja na namba ya RCCM, yaani namba yake kwenye rejista hiyo. Herufi moja ikikosekana wataanza kubishana kama ni wao au si wao.

Kama lori lina namba za Zambia, Tanzania au nchi nyingine ya jirani, ulizeni kadi ya njano ya COMESA. Ni bima inayovuka mpaka, na Kongo imo katika mpango huo. Pigeni picha ya kadi hiyo kabla lori halijaruhusiwa kuondoka, maana likishapita Kasumbalesa kulirudisha ni kazi nyingine.

PV ya kwanza ilikuwa mbaya kwetu. Mchoro wake ulionyesha pikipiki ikikatiza ghafla mbele ya lori. Aliyeona kila kitu alikuwa mama muuza makala, yaani mkaa, aliyekaa na mafungu yake kando ya barabara. Yeye alisema lori lilikuwa linapita taksi-basi, likaingia upande usio wake. Lakini aliogopa, aliniambia, "Mama Plamedi, mimi nauza hapa kila siku, na hao madereva wanapita hapa kila siku." Nilishindwa la kumjibu. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kukaa naye, asubuhi nzima, hakumwomba kitu, akamsaidia kupanga makala. Mwishowe yule mama alivua kitambaa cha kichwani, akajifuta masizi mikononi, akasema twende. Maneno yake yaliandikwa kwa OPJ, akasomewa kwa Kiswahili kabla ya kuweka kidole. Msiache shahidi aweke kidole kwenye maneno ambayo hakusomewa katika lugha yake. Na mpelekeni mapema, wiki ya kwanza ikiwezekana, kwa sababu watu wa kando ya barabara wanahama.

Dereva mwenyewe naye alitusaidia bila kutaka. Alipoulizwa, alisema ametoka Kolwezi usiku kucha, hana mwenzake wa kupokezana, na akichelewa anakatwa. Nilikuwa nimemchukia mtu yule mpaka nikawa siwezi kula. Nilipomwona parke, kwenye ofisi ya waendesha mashtaka, mwembamba, shati limemlegea mwilini, chuki haikuisha lakini ilihama, ikapanda kwa wale waliompa ratiba ile.

Sasa niseme juu ya karatasi za hospitali, maana hapa ndipo familia nyingi zinaangukia. Cheti cha kifo alichotupa daktari wa zamu kiliandika "upungufu wa damu mkali". Basi. Hakuna ajali, hakuna lori. Avoka wa kampuni alilishika neno hilo kwa mikono miwili: marehemu alikufa kwa upungufu wa damu, pengine alikuwa na malaria, pengine hospitali ilizembea, kampuni inahusika wapi? Katika kesi ya kifo haitoshi kuonyesha kwamba mtu aligongwa na kwamba mtu amekufa. Lazima uonyeshe kamba inayofunga hayo mawili.

Kamba yetu ilipatikana kwenye rejista ya urgence, kitengo cha dharura cha hospitali. Siku aliyoingia, muuguzi aliandika herufi tatu, AVP, maana yake ajali ya barabarani, na chini yake "maumivu ya tumbo upande wa kushoto". Hakimu wa parke aliandika barua rasmi ya kumtaka daktari atoe maelezo, na daktari akaandika ripoti ya kweli: wengu ulipasuka kwa kishindo, damu ikavujia tumboni, ndiyo maana damu ilipungua. Barua ya namna hiyo inatoka kwa OPJ au parke. Ukienda mwenyewe kudai ripoti hiyo hospitali wanakufukuza. Familia ilikataa maiti ipasuliwe, wazee walisema ameteseka vya kutosha, nami nilikubaliana nao. Lakini bila ile rejista, kukataa kwetu kungetugharimu kesi. Kabla hamjazika, ombeni nakala ya ukurasa wa kuingia, karatasi za ekografia (ultrasound), orodha ya damu aliyoongezewa, na someni neno lililoandikwa kama sababu ya kifo. Likiwa nusu, ombeni lijazwe papo hapo.

Cheti cha hospitali si hati ya kifo ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Hospitali inatoa cha kwake, nacho mnakipeleka kwa ofisa wa hali ya watu kwenye komini ili kifo kiandikwe kwenye kitabu cha serikali. Mkichelewa kupita muda wa sheria, itabidi mwende mahakamani kuomba hukumu ya kuchukua nafasi ya hati, na hiyo ni pesa na miezi.

Yaliyonikuta mimi ni ya ndoa. Mahari ililipwa yote, tulibarikiwa kanisani, picha zipo, tumezaa. Komini hatukwenda kamwe, kama watu wengi wa kwetu. Avoka wa kampuni alisimama akasema mbele ya watu wote, "Huyu mama si mjane kwa sheria, ni mtu aliyekuwa akiishi na marehemu." Nilihisi wamemuua mara ya pili. Wazee wa pande mbili wakaja kutoa ushahidi, mjomba wangu akaleta ile orodha ya mahari yenye saini, na mahakama ikatoa hukumu inayosimama mahali pa hati ya ndoa. Watoto wenyewe hawakutikiswa, kwa sababu baba yao alikuwa amewaandikisha wote kwenye komini. Mkiwa hai wote wawili, nendeni mkaandikishe ndoa.

Avoka nilimpata kupitia ofisi ya mashauri ya bure ya Baro, chama cha mawakili, ambako asiye na uwezo anapewa mtu wa kumsikiliza. Baadaye tuliandikiana mkataba: pesa kidogo ya kuanzia, na asilimia kumi ya kitakachopatikana. Kila kitu kiwe kwenye karatasi, hata anayekusaidia akiwa mtu wa kanisa lenu. Kwa gharama za mahakama, nilichukua kwenye komini cheti cha kutojiweza, kikanipunguzia mzigo. Hakikuniondolea yote. Kuna nakala, kuna mihuri, kuna usafiri wa mashahidi, na kuna wale wanaokuomba hela ya mafuta ya pikipiki ili dosie yako, yaani faili la kesi, isogee. Nilianza kuuliza risiti kwa sauti, mbele ya watu wengine. Wengi waliacha kuniomba. Dosie ilisogea polepole, lakini ilisogea. Mwaka wa kwanza peke yake uliniondolea kama dola 900, na sehemu kubwa ilitoka kwenye likelemba (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu) ya wanawake wa soko waliokubali nipokee kabla ya zamu yangu.

Njia tuliyofuata ni ile ya jinai na madai pamoja. Kuua bila kukusudia, kwa uzembe, kumo katika vifungu vya 52 na 53 vya sheria ya jinai, adhabu miezi mitatu hadi miaka miwili na faini, kwa hiyo kesi inasikilizwa na mahakama ya amani. Dereva anashtakiwa, mwajiri anaitwa kujibu kwa upande wa fidia, na ninyi mnajiunga kama upande wa madai. Faida yake ni kwamba parke inakusanya ushahidi ambao mwenyewe usingeupata. Hatari yake: dereva akiachiwa kwa kukosa hatia, fidia inayumba pamoja naye. Na muda upo. Kosa la adhabu hiyo linafutika baada ya miaka mitatu. Kampuni inajua kuhesabu. Ahadi za "tutakaa, tutaongea kifamilia" mara nyingi ni kusubiri miaka ipite. Njia ya madai peke yake ina muda mrefu zaidi, lakini hapo kila kitu mnakithibitisha wenyewe.

Ile karatasi ya dola 1,500 ilitolewa siku ya kwanza kabisa ya kesi. Avoka wetu alijibu kwa mambo mawili: pesa ile ilitajwa kuwa ya hospitali na mazishi, na papa mkubwa hakuwa na mamlaka ya kusamehe haki ambayo ni ya mjane na ya watoto. Papa mkubwa mwenyewe alisimama, akasema mbele ya mahakama kwamba hakuelezwa na kwamba alitaka tu kumtoa mdogo wake hospitalini. Ilimgharimu heshima yake kusema vile, mtu mzima, mbele ya vijana. Mahakama ilikubali, na dola 1,500 zikahesabiwa kama malipo ya hospitali na mazishi tu. Kama kampuni inataka kusaidia mazishi, ipokeeni, watu wazikwe. Andikeni wenyewe risiti ya mistari miwili: tumepokea kiasi fulani kwa ajili ya mazishi, bila kuacha haki zetu nyingine. Wakikataa risiti hiyo, mmeshajua walichokuja kutafuta.

Kisha likaja swali la thamani. Jaji aliuliza, "Alikuwa anakuletea kiasi gani kwa mwezi?" Mtu asiye na mshahara wa benki unamhesabu vipi? Nilikuwa na daftari lake. Daftari la shule la kawaida, jalada limekolea grisi, kurasa zimetobolewa na cheche. Alikuwa akiandika jina la mteja, kazi, akonto (malipo ya kuanzia), salio. Geti la mita tatu, akonto dola 150. Madirisha manne, salio bado. Mahali pengine amechora geti lenyewe kwa kalamu ya risasi, na maua ya chuma juu. Jaji alifungua kurasa zile mojamoja, ukumbi umenyamaza, nami nikaona mwandiko wake kwa mbali na nikashindwa kukaa wima.

Avoka aliambatanisha daftari na orodha ya pesa zilizoingia kwenye M-Pesa yake, risiti za minerval, yaani ada ya shule, za watoto, risiti za kodi ya nyumba, na maneno ya wateja wawili. Vyote vikakubaliana. Tafuteni vitu hivyo mapema, na laini ya simu ya marehemu msiiache ife. Na kama ndugu yenu alikuwa na mwajiri na alikufa akiwa kazini au njiani kwenda kazini, bisheni hodi CNSS pia, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa sababu pensheni ya walioachwa ni dai lake lenyewe, mbali na lile la barabara.

Tuliomba dola 100,000. Tulipewa thamani ya dola 18,000 kwa franka. Sehemu ya hasara ya mali ilifuata daftari. Ile ya uchungu wa moyo mahakama inakadiria yenyewe kwa haki na busara, na ukisoma kiasi kilichowekwa juu ya machozi ya mama mkwe wangu hujui ulie au ushukuru. Dereva alipata miezi sita na faini. Kampuni ilikata rufaa ndani ya zile siku kumi zinazoruhusiwa, kesi ikapanda mahakama ya juu yake, tribunal de grande instance, ikakaa karibu mwaka, ikarudi na kiasi kilekile.

Nilidhani imekwisha. Kumbe hukumu hailipi mtu. Unahitaji nakala yenye amri ya utekelezaji, unahitaji isie, yaani ofisa wa mahakama wa kupeleka na kutekeleza hukumu, aipeleke kwa kampuni, na kampuni inaweza kuisoma na kuiweka kabatini. Yetu iliiweka kabatini. Hapo ndipo bordero ya benki, karatasi ya kuonyesha malipo, ilipofanya kazi: siku ile kampuni ilipolipa hospitali, ililipa kupitia benki, na nakala ya bordero ilibaki kwenye bahasha yangu ya karatasi za mochwari. Jina la benki na namba ya akaunti vilikuwa juu yake. Kwa sheria za OHADA, sheria za biashara ambazo nchi kadhaa za Afrika zinazitumia kwa pamoja na ambazo Kongo iliingia mwaka 2012, isie alikwenda kushika pesa kwenye akaunti hiyo. Wiki hiyohiyo yule bwana wa mkoba alinipigia simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu kilio, akiniita "mama yetu". Nilimwambia aongee na avoka wangu. Tulikubaliana walipe kwa awamu nne, kwenye karatasi, na akaunti isiachiliwe hadi awamu ya kwanza iingie.

Pesa ilipoanza kuingia, baadhi ya ndugu wa mume wangu walifika nyumbani na hesabu zao: za ng'ombe, za kilio, za safari kutoka kijijini. Avoka alikuwa ameomba tangu mwanzo kwamba hukumu itaje kila mtu kwa jina na kiasi chake: mimi, kila mtoto, mama mkwe. Alifungua ukurasa huo mezani akausoma kwa Kiswahili, polepole. Papa mkubwa ndiye aliyewaambia wengine wanyanyuke. Sehemu ya watoto ipo benki kwa majina yao, ninatoa minerval na kurudisha risiti kwenye dosie. Mama mkwe alinunua mabati. Mashine ya kuchomelea sikuiuza, mwanafunzi wa mume wangu anaitumia na ananilipa kila mwisho wa mwezi.